UZI: Umekabidhiwa funguo za nyumba mpya hapa Dodoma? Kabla hujalala humo, jua nani mwingine anazo

Bisibisi (mwanzisha uzi)

Mbukwenyi wakuu.

Kazi yangu ni milango. Natundika milango, nafunga vitasa, nabadilisha silinda (kile kipande cha kitasa ambamo ufunguo unaingia), hapa Dodoma na wakati mwingine nafika mpaka Kongwa na Manyoni. Tangu serikali ihamie huku, na zaidi baada ya Dodoma kuwa jiji mwaka 2018, nyumba mpya zinachomoza kila upande: Iyumbu, Nzuguni, Mkonze, Nala, Ihumwa, mpaka kuzunguka Mji wa Serikali kule Mtumba. Watu wamejibana, wamekopa, wamejenga chumba kwa chumba, na hatimaye siku ya kukabidhiwa funguo inafika. Siku hiyo ina furaha yake na sitaki mtu aipunguze. Ninachoomba ni saa mbili tatu za kazi kabla godoro halijaingia ndani.

Naandika hivi kwa sababu mara nyingi naitwa baadaye. Familia imeshahamia, mapazia yametundikwa, ndipo mama mwenye nyumba ananiuliza kwa sauti ya chini, "Fundi, hivi hawa waliotujengea hawana funguo zetu?" Jibu langu ni lilelile siku zote: mpaka uthibitishe vinginevyo, hesabu kwamba wanazo. Sisemi mafundi ni wezi. Mimi mwenyewe ni fundi. Nasema ndivyo ujenzi unavyokwenda.

Fuatilieni safari ya ufunguo mmoja. Kitasa cha mlango mkubwa hufungwa mapema, nyumba inapoanza tu kuwa na vitu vya kuibiwa: nyaya, vigae, masinki. Msimamizi anabaki na ufunguo. Fundi jipsam anaanza kazi alfajiri, kwa hiyo naye anapewa. Fundi umeme anakuja jioni, anapewa. Mlinzi wa saiti lazima awe nao. Fundi rangi amechoka kumsubiri msimamizi, anakwenda mjini kuchongesha wake. Kama nyumba inauzwa, dalali naye ana wa kuonyeshea wateja. Kazi ikiisha kila mtu anaelekea saiti nyingine, huyu Chamwino, huyu Singida, na ufunguo uko kwenye mfuko wa suruali ya kazi. Hakuna aliyekusudia ubaya. Lakini suruali hiyo ina vijana wanaoizunguka, na mwenye nyumba hawajui.

Sasa jambo ambalo watu wengi hawaliangalii. Ufunguo uliotoka kiwandani una jina la kiwanda lililogongwa kichwani, na mara nyingi una namba. Ule wa kuchonga mtaani huwa na jina jingine au hauna jina kabisa, na ukipitisha kidole kwenye meno yake unayasikia yanakwaruza, maana bado hayajasagika. Kuna nyumba Nzuguni niliitwa, nikapewa kopo la rangi lenye funguo za nyumba nzima zimechanganyika. Nikazimwaga kwenye kigae, nikazipanga mlango kwa mlango. Za mlango mkubwa zilikuwa tatu, sawasawa na hesabu iliyoandikwa kwenye boksi la kitasa. Lakini mbili kati ya hizo tatu zilikuwa za kuchongwa. Maana yake orijino mbili ziko kwa mtu, na mtu huyo alichongesha nyingine ili hesabu itimie. Mwenye nyumba alikuwa ameshasaini kwamba amepokea funguo zote. Na kweli, kwa idadi, alikuwa amepokea.

Kwa hiyo kuhesabu funguo hakutoshi. Msimamo wangu ni mmoja: funguo za kujengea zisiwe funguo za kuishi. Siku ya makabidhiano, kitu kinachofunguliwa na funguo za zamani kitoke mlangoni.

Kwa milango yenye silinda, kazi ni ndogo kuliko watu wanavyodhani. Fungua mlango, tazama ubavu wake. Usawa wa tundu la ufunguo utaona skrubu moja ndefu imeingia ndani ya kitasa. Hiyo ndiyo inayoshika silinda. Itoe kwa bisibisi ya nyota, chomeka ufunguo, zungusha kidogo sana mpaka kile kijino cha katikati kijipange sawa na mwili wa silinda, kisha vuta. Inatoka nzima. Mpya inaingia kwa njia ileile, na kitasa chenyewe na vishikio vyake hubaki palepale. Huhitaji kutoboa wala kuchonga mbao.

Na kama bado unajenga, una bahati. Mwambie fundi aweke silinda za bei ndogo wakati wa ujenzi. Zako nzuri nunua mwenyewe, ziweke kwako zikiwa na lakiri, uzifunge siku ya mwisho baada ya fundi wa mwisho kutoka.

Wenye ile milango ya chuma inayotoka China, sikilizeni hapa. Mingi huja na funguo za aina mbili. Kuna chache za rangi ya shaba, hizo ni za mafundi, wengine wanaziita A. Halafu kuna pakiti iliyofungwa yenye funguo za mwenye nyumba, ndizo B. Silinda imetengenezwa hivi: ukichomeka ufunguo wa B na kuuzungusha, vipini vya ndani (vijiti vidogo vya chuma) vinahama na ule wa A haufungui tena. Ni mpango mzuri sana, kwa sharti kwamba pakiti ya B unaichana wewe. Nimekuta saiti ambako ufunguo wa A ulipotea, mtu akachana pakiti, akatoa mmoja wa B, akaendelea na kazi. Ukipewa pakiti iliyochanwa, usiipokee kama pakiti. Dai silinda mpya.

Nikaribishe michango. Wenye uzoefu semeni, wenye maswali ulizeni, nitajibu nikitoka saiti.

---

Mama Mapacha Ilazo

Asante kwa uzi fundi. Sisi tumehamia mwezi uliopita na milango yetu haina hiyo silinda. Ni kile kitasa cha ufunguo mrefu wenye kijibati mwishoni. Jambo lililonishtua: ufunguo wa chumba cha watoto unafungua stoo, na unafungua pia mlango wa nyuma wa jikoni! Ni kawaida?

---

Bisibisi

Dada, ni kawaida na si salama. Hicho ni kitasa cha leva. Leva ni vibati vidogo ndani ya kitasa ambavyo ufunguo lazima uvinyanyue kwa kimo chake kila kimoja ndipo ulimi urudi. Vikiwa viwili tu, aina za funguo zinazoweza kupatikana ni chache mno, ndiyo maana wa chumba unafungua stoo, na wa jirani unaweza kufungua kwako. Wale vijana wenye ufunguo malaya hawana uchawi wowote, wanatumia udhaifu huohuo.

Kwa vyumba vya ndani kitasa cha leva mbili hakina shida, kazi yake ni faragha. Kwa mlango wa jikoni unaotoka nje, kiondoe leo. Tafuta cha leva tano. Mfano wa ubora ni kiwango cha Uingereza kinachoitwa BS 3621: kitasa kinachokidhi kiwango hicho lazima kiwe na aina za funguo zisizopungua 1000, na ulimi wake utoke angalau milimita 20 kuingia kwenye fremu. Hata kama dukani hupati chenye alama hiyo, nenda na rula. Zungusha ufunguo, pima ulimi unavyotoka. Ukitoka kidogo kama kucha ya kidole, kirudishe.

Halafu fanya jaribio hili leo jioni: chukua kila ufunguo ulio nao, ujaribu kwenye kila mlango. Andika unaofungua usikopaswa.

---

Nondo 16

Naomba kutetea upande wetu. Mimi ni mkandarasi mdogo, nimesajiliwa, nafanya kazi hapa Dodoma. Mteja akibadilisha vitasa siku ya makabidhiano ni kama ananiambia mimi mwizi mbele ya vijana wangu. Pili, mikataba mingi ina kipindi cha uangalizi wa kasoro, miezi 6 au 12. Bomba likivuja chooni, nyufa zikitokea, kigae kikipiga mwangwi, ninatakiwa kurudi kurekebisha kwa gharama yangu. Nitaingiaje kama mteja yuko kazini Mtumba na amebadilisha kila kitu?

---

Bisibisi

Mkuu, hoja yako ina uzito na nakuheshimu kwa kuileta. Ila naigeuza. Mteja akibadilisha silinda anakulinda wewe kwanza. Nyumba ikiibiwa mwezi wa nne bila mlango kuvunjwa, polisi wataanza na nani? Wataanza na waliokuwa na funguo. Vijana wako watalala ndani kwa kosa ambalo pengine hawalijui. Ukiwa na karatasi inayosema "tarehe fulani funguo zote zimerudishwa na silinda zimebadilishwa mbele yetu," umetoka kwenye orodha hiyo.

Kuhusu marekebisho, mnapanga siku. Mteja au ndugu yake anakuwepo, kazi inafanyika, mnaagana. Nyumba inayokaliwa na watu haiingiwi kwa ufunguo wa saiti hata kama nia ni njema.

Na ningefurahi wakandarasi muwe ndio wa kwanza kulipendekeza. Mwambie mteja, "Siku ya makabidhiano njoo na silinda zako, fundi wangu atazifunga ukiwa umesimama hapo." Hakuna mteja atakayekuona mwizi.

---

Nondo 16

Hapo kwenye polisi umenigusa. Kuna kijana wangu alikaa kituoni siku mbili kwa jambo la namna hiyo, baadaye ikaonekana aliyeingia ni mtu mwingine kabisa. Nitaliingiza kwenye mkataba unaofuata.

---

Mgeni wa Area D

Hiyo karatasi ya makabidhiano inaandikwaje? Mimi niliandikiwa tu "amepokea nyumba na funguo".

---

Bisibisi

"Funguo" bila idadi ni neno tupu. Andikeni mlango kwa mlango: mlango wa mbele, kitasa aina gani, funguo ngapi, ngapi za kiwandani na ngapi za kuchongwa. Mlango wa jikoni. Mlango wa grili. Geti kubwa na kimlango chake. Makofuli yote. Mfuniko wa tangi la maji na wa chemba kama una kofuli. Rimoti za geti ngapi. Nyumba ya mtumishi kama ipo, hii husahaulika kuliko zote. Tarehe, saa, majina, saini za pande mbili na shahidi. Kwenye karatasi hiyohiyo pandisha namba ya mita ya LUKU na ya mita ya maji ya DUWASA pamoja na usomaji wa siku hiyo, kwa kuwa mko hapo tayari.

Kila ufunguo mfunge kipande cha karatasi ngumu chenye jina la mlango. Usiandike jina la mtaa wala namba ya nyumba juu yake. Ukidondoka kwenye daladala, aliyeuokota asijue pa kwenda.

---

Kijana wa Nkuhungu

Naongeza hili, linaniuma kila nikiliona. Watu wanapiga picha funguo za nyumba mpya wamezishika mkononi, wanaweka kwenye status, "Mungu ni mwema, tumehamia." Picha safi, meno yote yanaonekana, na nyuma nyumba yenyewe iko wazi na geti lake. Mwaka 2008 watafiti wa Chuo Kikuu cha California, San Diego, walionyesha kwamba picha ya ufunguo inatosha kutengenezea ufunguo mwingine unaofanya kazi. Walipiga picha funguo zilizokuwa mezani wakiwa juu ya paa, umbali wa zaidi ya mita 50. Simu za leo zina kamera kali kuliko nyingi za wakati ule. Mshukuruni Mungu kwa picha ya sebule.

---

Bisibisi

Hili ni zito, asante sana. Na ile namba iliyogongwa kwenye ufunguo nayo usiipige picha. Kwa baadhi ya silinda, namba hiyo inaeleza kimo cha kila jino. Mwenye namba anaweza kuchongewa bila kuugusa ufunguo wenyewe. Na kale ka kadi kenye namba kanakokuja kwenye pakiti, kahifadhi na hati zako.

---

Mpangaji Iyumbu

Mimi sijajenga, nimepanga. Nyumba ni mpya, mimi ndiye mpangaji wa kwanza. Mwenye nyumba amebaki na ufunguo wa mlango wa mbele, anasema ni kwa dharura. Mke wangu hana amani. Nifanye nini bila kugombana naye?

---

Bisibisi

Ongea naye kwa heshima, mweleze kama ulivyoeleza hapa. Mwombe ruhusa ya kuweka silinda yako mwenyewe kwa gharama yako. Ya kwake itoe, ifunge kwenye bahasha pamoja na funguo zake zote, mwandikiane kwamba siku utakapohama utairudisha ilipokuwa. Hapotezi kitu na mlango wake haujatobolewa. Kwa dharura mnaweza kukubaliana ufunguo mmoja ukae kwenye bahasha iliyopigwa gundi na saini zenu mbili, kwa mtu mnayemwamini wote. Bahasha ikifunguliwa, inajulikana.

Mwenye nyumba mwelewa hatakataa. Akikataa katakata, hilo nalo ni taarifa.

---

Mzee wa Zimamoto

Vijana, nimesoma mpaka hapa na sijaona mtu akitaja moto. Nimestaafu, lakini miaka yangu ya kazi niliimaliza kwenye kuokoa. Mnazungumza kuzuia mtu asiingie. Je, ninyi mtatokaje?

Nyumba zetu zina grili kila dirisha. Mlango wa mbao, nje yake mlango wa grili, nje yake geti. Usiku kila kimoja kimefungwa kwa ufunguo wake, na funguo ziko kwenye pochi ya mama, pochi iko kabatini. Umeme umekatika, moshi umejaa, hamwoni hata mkono. Moshi unamwangusha mtu kabla moto haujamfikia. Nimekuta watu nyuma ya mlango, kwa ndani, wakiwa wameushika ufunguo ambao siyo.

Nawaombeni. Wekeni ufunguo wa kutokea mahali pamoja, karibu na mlango lakini pasipofikika kwa mkono kutoka dirishani, na kila mtu ndani ya nyumba apajue, mtoto, mgeni na dada wa kazi. Angalau dirisha moja la vyumba vya kulala grili yake ifunguke kwa ndani. Jaribuni gizani mkiwa wazima. Namba ya Zimamoto ni 114, iwe kwenye simu za watoto.

---

Bisibisi

Shikamoo mzee. Hili lilipaswa kuwa kwenye ujumbe wangu wa kwanza.

Niongeze upande wa vifaa. Zipo silinda ambazo kwa nje zina tundu la ufunguo, kwa ndani zina kishikio cha kuzungusha kwa vidole. Ukiwa ndani huhitaji ufunguo kutoka. Nazipendekeza sana kwa mlango wa mbele, ila angalia kama mlango wenyewe una kioo au kuna dirisha la kioo pembeni yake. Kama kipo, mtu atavunja kioo, aingize mkono, azungushe. Hapo rudi kwenye ushauri wa mzee wa ufunguo mmoja mahali pamoja.

Grili ya kufunguka, mwambie mchomeleaji aweke bawaba upande mmoja na kofuli kwa ndani. Kwa nyumba inayojengwa sasa ni kazi ndogo, anafanya wakati anatengeneza. Kwa nyumba iliyokwisha inabidi kukata, lakini inafaa kukata.

---

Mkonze Juu

Silinda yangu inasuguana, ufunguo unaingia kwa taabu. Nyumba haijafikisha hata mwaka. Nimepaka mafuta ya kula, ikalainika wiki moja, sasa imekuwa mbaya kuliko mwanzo.

---

Bisibisi

Hapa ndipo Dodoma inapotofautiana na Dar. Huku kiangazi ni kirefu, upepo haupumziki, na vumbi linaingia kila tundu. Ukiweka mafuta ya kula kwenye silinda, vumbi linanasa, linageuka tope, vipini vinakwama. Nimeshatoa silinda ya mlango unaotazama barabara ya vumbi, nikaigonga kwenye kiganja, ukatoka unga mwekundu.

Isafishe kwa kupuliza hewa. Kisha tumia unga wa grafaiti, ule mweusi mkavu. Usipoupata, chukua penseli laini, paka risasi yake kwenye meno ya ufunguo pande zote, ingiza na kutoa mara kadhaa, futa ufunguo, rudia. Lakini kwako wewe mafuta yalishaingia, na grafaiti na mafuta havipatani. Anza kwa kuitoa silinda, isafishwe mafuta yote kwanza, ikauke.

Na kuna jambo jingine la hewa ya huku, nalo lina madhara kuliko vumbi. Mbao nyingi za paina tunazotumia zinatoka nyanda za juu, Mafinga na Njombe, na zinafika zikiwa bado na unyevu. Fundi anatengeneza mlango, unakaa sawa, unakabidhiwa. Inakuja miezi ya kiangazi, mbao inanywea na kujipinda. Ulimi wa kitasa ambao ulikuwa unaingia vizuri kwenye fremu sasa unagusa ukingoni tu. Mlango unajifunga kwa macho, lakini ukiusukuma kwa bega unafunguka. Usiku simama ndani, funga kwa ufunguo, kisha usukume mlango kwa nguvu juu, katikati na chini. Ukicheza, ita fundi asogeze kibati cha kwenye fremu au aongeze komeo juu na chini. Lifanye tena mvua za Desemba zikianza, maana mbao itavimba upya. Mwenye kujenga sasa, lipia mbao zilizokauka.

---

Binti wa Kondoa

Sisi tumeweka geti la umeme na kitasa cha alama za vidole. Hatuna funguo kabisa, kwa hiyo nadhani tuko salama?

---

Bisibisi

Dada, funguo unazo, ila hazionekani.

Aliyekufungia kitasa aliingiza kidole chake kukijaribu. Kidole hicho kimefutwa? Namba ya siri ya msimamizi wa kitasa, mara nyingi inatoka kiwandani ikiwa 123456. Imebadilishwa? Fungua orodha ya watumiaji, futa yote, anza na vidole vya familia yako tu. Kuna pia tundu la ufunguo wa kawaida limefichwa chini ya kifuniko, na funguo zake zilikuja kwenye boksi. Ziko wapi? Weka moja nje ya nyumba kwa mtu wa kuaminika, maana siku betri zitakapoisha utauhitaji. Vitasa vingi vina mahali pa kugusisha betri ya volti 9 au kuchomeka chaja ya simu kwa nje. Kijue kabla ya siku hiyo.

Geti la umeme: rimoti zilizokuwa zinatumika saitini bado zinakumbukwa na mota. Kwenye mota nyingi ukibonyeza kitufe cha kusajili rimoti kwa muda mrefu, zote zinafutika, unasajili zako upya. Mwite fundi wa geti alifanye ukiwa unatazama. Kamera vilevile. Aliyezifunga alitumia simu yake kuziwasha, na kama hukubadilisha nywila anaweza kuwa anaona sebule yako mpaka leo.

---

Nala Mpya

Geti letu ni la kawaida, la kofuli. Nala nyumba ziko mbalimbali, jirani yuko mbali. Kuna la kufanya zaidi?

---

Bisibisi

Kofuli likining'inia nje linakatwa kwa mkasi wa nondo ndani ya dakika moja. Mwambie mchomeleaji alizungushie kisanduku cha bati nene, wazi kwa chini tu, mkono uingie lakini mkasi usipate nafasi. Na angalia bawaba za geti na za mlango wa grili. Kama mlango unafungukia nje, vipini vya bawaba viko upande wa mwizi. Agonge kipini juu, kitoke, mlango unyanyuliwe na kofuli lake zima. Kipini kichomelewe kichwani.

Kule kwenye udongo wa mbuga, nguzo za geti huhama mvua zikinyesha na udongo ukivimba, kisha zinarudi kiangazi. Komeo likiacha kuingia kwenye tundu lake, usilazimishe kwa nyundo wala usiliache wazi "mpaka wiki ijayo".

Kuhusu umbali wa jirani: siku ya kwanza nenda kwa mwenyekiti wa mtaa, jitambulishe, uandikwe kwenye daftari la wakazi, umjue na mjumbe wako. Nyumba mpya ambayo mtaa bado unaiita saiti, mtu akionekana anatoka na godoro hakuna atakayeuliza. Watadhani ni fundi.

---

Swaswa 04

Mkuu, nipo dukani sasa hivi mjini. Muuza duka ananiuliza silinda saizi gani, sijui. Mlango ni wa mbao, mlango mkubwa.

---

Bisibisi

Saizi huandikwa kwa namba mbili, kwa mfano 35/35 au 35/45. Hupimwa kutoka katikati ya tundu la ile skrubu ndefu hadi mwisho wa silinda, upande wa nje kwanza, kisha wa ndani. Pande mbili huwa hazilingani kila mara, inategemea unene wa bati la kishikio.

Usikisie. Silinda ndefu kupita kiasi ni hatari: ikichomoza zaidi ya milimita 3 nje ya bati, mwizi anaibana kwa koleo na kuivunja katikati, pale tundu la skrubu lilipo, maana ndipo pembamba. Kama duka lina zenye alama ya TS 007 (kiwango cha Uingereza cha silinda) na nyota tatu, hizo zimetengenezwa kuhimili hilo. Vinginevyo chukua nzito, yenye vipini sita badala ya vitano, na pakiti iwe haijafunguliwa.

Rudi nyumbani, chomoa ya zamani, uje nayo dukani uilinganishe. Ila mwache mtu ndani, mlango usio na silinda unafunguliwa kwa bisibisi.

---

Swaswa 04

Nimemwacha mdogo wangu nyumbani, ananitumia kipimo. Ni 35/45, ya 45 ni upande wa ndani.

---

Bisibisi

Chukua hiyo. Hakikisha ile skrubu ndefu mpya imo kwenye pakiti, mara nyingi ya zamani huwa imeliwa kichwa. Ukishaifunga, jaribu kila ufunguo uliokuja nayo mlango ukiwa wazi kwanza, ndipo uufunge.